Kisu Kilekile, Nia Nyingine

Kwa karne nyingi, kumpasua mjamzito aliyekata roho hakukuwa tiba yake. Sheria ya Roma ya kale inayonasibishwa na mfalme Numa Pompilius ilikataza asizikwe kabla mtoto hajatolewa tumboni. Baadaye Kanisa Katoliki lilihimiza upasuaji huo ili mtoto abatizwe. Kote huko mama alikwisha kuhesabiwa maiti. Karne ya 20 haikuleta kisu kipya; ilimrudisha mama katika hesabu ya wanaookolewa.

Mwaka 1960, Kouwenhoven, Jude na Knickerbocker wa Johns Hopkins, Marekani, walionyesha kuwa kukandamiza kifua kwa mikono husukuma damu hata moyo ukiwa umesimama. Lakini kuanzia wiki ya 20 hivi, mjamzito akilazwa chali mji wa mimba huubana mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, na moyo usiojaa hauna cha kusukuma. Ndiyo sababu mhudumu mmoja huusogeza mji wa mimba kushoto huku mwenzake akikandamiza kifua. Mwaka 1986 daktari Vern Katz na wenzake walipendekeza kuwa mapigo yasiporudi, upasuaji uanze kufikia dakika ya 4, mtoto atoke kufikia ya 5. Walipokusanya visa 38 vya upasuaji kama huo mwaka 2005, taarifa 18 zilieleza hali ya mzunguko wa damu wa mama. Katika 12 kati ya hizo, mapigo na shinikizo la damu vilirudi baada ya mtoto kutolewa.

Mtu atasema madaktari huandika ushindi wao na kunyamazia misiba. Ni kweli, na kwa hiyo 12 kwa 18 si kipimo cha matumaini ya kila mgonjwa. Hata hivyo, hoja haisimami juu ya hesabu hiyo peke yake: mshipa uliobanwa hufunguka tumbo likitolewa mzigo. Wengine watasema dakika 5 hazitoshi. Hazitoshi hasa mgonjwa akikimbizwa chumba cha upasuaji. Hivyo hupasuliwa alipo.

Nia mpya huonekana zaidi mapigo yakisharudi. Jeraha lililokuwa kavu huanza kuvuja damu, kwa hiyo damu ya kuongezwa na dawa za kukaza mji wa mimba ziwe tayari. Kama mimba bado ipo, mama hulazwa ubavu wa kushoto. Kisha hutafutwa chanzo: kuvuja damu, kifafa cha mimba, maambukizi, damu iliyoganda mapafuni. Maiti haihitaji uchunguzi huo; mgonjwa anauhitaji.