Boila ya Gesi na Nyumba za Groningen
Kubadilisha boila kuukuu, mtambo unaochemsha maji ya kupashia nyumba joto wakati wa baridi, huonekana jambo la nyumba moja. Historia ya Uholanzi inatufundisha vingine. Mwaka 1959 gesi asilia iligunduliwa Slochteren, mkoani Groningen. Mabomba yakatandazwa nchini kote, na boila za gesi zikachukua nafasi ya majiko ya makaa ya mawe. Lakini gesi ilipochotwa, miamba ilibonyea na ardhi ikatetemeka. Tetemeko la Huizinge la mwaka 2012, la kipimo cha 3.6, lilipasua kuta nyingi. Mwaka 2024 sheria ilikomesha kabisa uchimbaji huo. Kwa hiyo, boila inayong'olewa leo ilitoa joto ambalo watu wa Groningen walililipia kwa nyumba zao.