Jua la Uingereza, Jua la Oman na Bustani ya Shinyanga

Vitabu vya bustani vya Uingereza husisitiza ukuta unaotazama kusini, na kwa London ni sahihi kabisa. Desemba, jua la adhuhuri huinuka huko nyuzi 15 hivi tu, likiwa upande wa kusini. Ndiyo maana wakulima wake waliegemeza mipichi na mizabibu kwenye kuta za matofali: ukuta hunywa joto mchana, hulitoa usiku.

Shinyanga iko karibu nyuzi 3.7 kusini mwa ikweta. Chomeka kijiti cha mita 1 uwanjani, ukitazame saa saba kasorobo mchana. Mwishoni mwa Juni kivuli huangukia kusini, kama nusu mita. Mwishoni mwa Desemba huhamia kaskazini, sentimita 36 hivi. Mwanzoni mwa Oktoba na katikati ya Machi karibu hukioni. Geita ni vivyo hivyo. Kwetu basi, wa kuchungwa zaidi ni upande wa magharibi, linakotokea jua kali la alasiri. Ukuta wa tofali unaoliotesha pichi Uingereza, hapa huunguza mchicha.

Oman inatufaa zaidi. Nizwa nako, mwezi Juni, jua husimama utosini. Wakulima wake wamelichuja: mitende juu, chini yake milimau na migomba, chini kabisa majani ya mifugo, vyote vikinyweshwa na mifereji ya falaji, ambayo mitano kati yake UNESCO iliiorodhesha kuwa urithi wa dunia mwaka 2006.

Lakini sisi hatuna falaji, na mti nao hunywa maji. Hapo busara ya Wasukuma inahitajika. Katika ngitili, malisho hufungwa wakati wa mvua, nyasi na miti vikalindwa pamoja kwa ajili ya kiangazi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), ulioanza mwaka 1986, uliifufua desturi hiyo mkoani Shinyanga. Funzo lake ni kwamba kivuli na maji hupangwa kwa pamoja.

Kwa hiyo acha mashariki wazi, mboga zipate jua la asubuhi. Magharibi panda mipapai au milonge michache, hatua kadhaa kutoka kwenye matuta. Kitalu kiezekwe kichanja cha nyasi, matuta yafunikwe matandazo. Anayepanga bustani Geita au Kahama aamue kwanza kivuli cha saa tisa alasiri kitatoka wapi. Mbegu atanunua baadaye.