Futi 400 za Filamu

Kaeni vizuri, na kila mmoja awe na daftari na kalamu, maana katika historia ya leo imo hesabu kidogo.

Somo letu ni habari za Bwana James Benning wa Marekani, mtengenezaji wa picha za sinema. Alizaliwa mwaka 1942 katika mji wa Milwaukee, jimbo la Wisconsin. Chuoni alisoma hesabu kwanza, ndipo baadaye akashika kamera. Filamu zake hazifanani na zile mnazozijua. Nyingi hazina bastola, wala nyimbo, wala mapenzi. Huisimamisha kamera juu ya miguu yake mitatu, akaiacha itazame. Wengine husema hiyo si sinema. Subirini kwanza.

Kwa zaidi ya miaka 30 alitumia filamu ya milimita 16. Wazee waliolifuata gari la sinema vijijini zamani wameiona: mkanda mwembamba wenye matundu pembeni, umeviringwa kwenye gurudumu lake.

Sasa andikeni. Futi moja ya mkanda huo ina picha ndogo 40. Gurudumu la kawaida lina futi 400. Basi 40 mara 400 ni picha 16,000. Kila sekunde hupita picha 24. Gawanyeni: mtapata sekunde 666 na kidogo, yaani dakika 11 na sekunde chache. Hapo mkanda umekwisha. Hata likiwapo jambo kubwa namna gani mbele yake, kamera imefumba jicho.

Bwana Benning aliufanya mpaka huo kuwa kipimo chake. Mwaka 2004 alitoa filamu iitwayo "13 Lakes", habari za maziwa 13 ya Marekani. Kila ziwa hutazamwa dakika 10, nusu ya juu mbingu, nusu ya chini maji. Mwaka huo huo akatoa "Ten Skies", mbingu 10, kila moja dakika 10. Mwaka 2007 ikaja "RR", yenye treni 43. Treni huingia, hupita, hutoka, na picha hukatwa. Hapo urefu wa treni ndio uliokuwa saa. Lakini treni ya kupita kwa dakika 12 isingeenea katika gurudumu lake.

Baada ya hiyo akauacha mkanda. Kwa nini? Mkanda ukishapigwa picha lazima upelekwe kusafishwa kwa dawa, kisha zitolewe nakala za kuonyesha. Miaka ile karakana za kazi hiyo zilikuwa zikifungwa, na nakala nzuri ilikuwa taabu kuipata. Tena kila nakala ikipita katika mashine ya kuonyeshea hupata mikwaruzo. Fikirini mtu amengoja ziwa litulie, halafu watazamaji waone mvua ya mikwaruzo juu yake! Mimi simlaumu.

Mwaka 2009, naye amekwisha kupita miaka sitini, akatoa filamu ya dijitali iitwayo "Ruhr". Kamera ya dijitali haitaki dawa. Nuru huigeuza kuwa tarakimu, na tarakimu zikawekwa akiba. Ruhr ni nchi ya viwanda vya chuma huko Ujerumani. Katika filamu hiyo mtaona miti karibu na uwanja wa ndege wa Düsseldorf: ndege inapita juu, kimya kinarudi, ndipo majani yanapotikisika. Mwisho wake ni mnara mmoja mjini Duisburg, wa kiwanda kinachooka makaa ya mawe kwa ajili ya matanuri ya chuma. Makaa yenye moto humwagiwa maji, mvuke ukafoka na kuufunika mnara, kisha ukatawanyika, kisha ukafoka tena. Mnautazama saa nzima, hata giza likaingia. Kwa mkanda wa futi 400 yangehitajika magurudumu sita. Mwaka 2011 akatoa "Nightfall": msitu mmoja katika milima ya Sierra Nevada, jua likitua, dakika 98, picha moja tu.

Je, alipata bila kupoteza? La. Mkanda ulimwamulia mwisho. Kila futi ilikuwa na bei yake, basi mtu hakufungua kamera kabla ya kuangalia sana. Kamera ya dijitali haina kiasi. Mwisho sasa huamuliwa na mtu mwenyewe, na naona kazi hiyo ni ngumu zaidi. Wengi wenye kamera hizo hawaijui, nao hutuchosha bure.

Kuna na jambo la kuhifadhi. Mkanda uliowekwa mahali pakavu penye baridi hudumu miaka mingi, na ukiuinua mbele ya dirisha utaiona picha. Diski ya tarakimu ikiharibika, dirisha halisaidii kitu. Lazima nakala zitolewe tena na tena. Mikanda ya zamani ya Bwana Benning inahifadhiwa na Jumba la Filamu la Austria, mjini Vienna.

Swali la kufanya nyumbani: lipo gurudumu dogo la futi 100. Litaenda kwa sekunde ngapi? Jibu tutalisoma mwanzo wa somo lijalo.