Uteo wa Bungoma na mawe ya Mbale

Mwezi wa Agosti, alasiri yenye upepo, pita vijijini nje ya mji wa Bungoma utawakuta akina mama wakipepeta wimbi. Mama anasimama kwenye turubai, anauinua uteo hadi usawa wa bega, kisha anauinamisha taratibu. Punje zinashuka na kurundikana karibu na vidole vyake vya miguu. Makapi yanachukuliwa na upepo, yanatua hatua mbili tatu mbele. Kitale, ambako mahindi ndiyo fedha, kazi ni ile ile, ila kwa karai. Na ndani ya kazi hiyo limo swali lililowasumbua wanazuoni kwa karibu miaka 2,000: mbona punje hutangulia?

Aristotle, yule Myunani, alijibu kwamba kitu huanguka upesi kwa kadiri ya uzito wake. Galileo akampinga katika kitabu kilichotoka mwaka 1638, wakati yeye mwenyewe amepofuka na amefungiwa nyumbani kwake. Ondoa hewa, alisema, na vizito kwa vyepesi vitafika pamoja. Kwetu huku karibu na ikweta, hewa ikiondolewa, kila sekunde hukiongezea kinachoanguka mwendo wa kama mita 9.78 kwa sekunde, kiwe kapi au jiwe la kusagia. Tarehe 2 Agosti 1971 mwanaanga David Scott wa Apollo 15 aliachia nyundo na unyoya kule mwezini, kusiko na hewa, vikagusa vumbi kwa pamoja.

Masomo mengi ya shule huishia hapo, na mimi naona hapo ndipo utamu unapoanza. Sisi tunaishi chini ya hewa, na hewa ina kauli yake. Ushahidi mkubwa wa jambo hili ulianguka ng'ambo tu ya Mlima Elgon.

Ilikuwa Ijumaa, 14 Agosti 1992, saa tisa na dakika 40 alasiri. Mwaka wa shufwa, mwaka wa tohara, msimu ambao Wabukusu wa Bungoma na ndugu zao Wagisu wa Mbale huwatembeza vijana wao kwa njuga na nyimbo. Juu ya Mbale, mji usiofika kilomita 100 kutoka Kitale ukikata moja kwa moja kupitia mlimani, kimondo kiliingia angani kwa kasi ya kama kilomita 13.5 kwa sekunde. Kwa mwendo huo, Kitale hadi Mbale ni sekunde saba. Wataalamu waliokusanya ushahidi baadaye walikadiria kwamba uzito wake ulikaribia kilo 1,000.

Hewa ilikikabili. Inaelekea kilianza kumeguka kikiwa juu zaidi ya kilomita 25, na kati ya kilomita 14 na 10 kikasambaratika kabisa. Vipande vilivyobaki vilikwisha kuporwa karibu mwendo wote viliotoka nao huko mbali. Kutoka hapo vilianguka kama kinavyoanguka kitu chochote kilichoachiliwa, na vilichukua dakika kadhaa kufika chini. Vilitawanyika katika eneo la kilomita 3 kwa 7.

Sasa tazama tofauti ya vipande hivyo. Kipande kikubwa kati ya vile vilivyopatikana kwanza kilikuwa na kilo 27.4. Kingine kilikuwa na gramu 3.6, uzito usiofika kijiko kimoja cha chai cha sukari. Kile cha kwanza kinakizidi cha pili mara 7,600 hivi. Lau Aristotle angekuwa na haki, kingeshuka kwa kasi mara 7,600. Nimepiga hesabu: jiwe dogo kama lile hufika ardhini kwa mwendo wa kama kilomita 100 kwa saa, na lile kubwa kwa zaidi kidogo ya mara nne ya hapo. Sababu ni hii: jiwe likiwa na upana mara mbili, uzito wake huwa mara nane, lakini uso unaosukumana na hewa huwa mara nne tu. Jiwe huongeza kasi hadi msukumo wa hewa ulingane na uzito wake, kisha haliongezi tena. Kapi la wimbi hufikia kikomo hicho kabla halijapita goti la mama, na upepo hulipeleka utakako. Punje haijakifikia bado.

Hiyo gramu 3.6 naitaja kwa sababu haikuangukia udongo. Ilipiga kwanza jani la mgomba, lile jani pana ambalo upepo hulichana michirizi, kisha ikamgonga mvulana kichwani. Hakuumia vibaya. Hewa ilikwisha kuvunja kasi ya angani, na jani likapunguza kilichosalia.

Kufikia Oktoba 1993 vipande 863 vilikuwa vimeorodheshwa, vyote vikiwa na gamba lililoungua. Kati ya kilo kama 190 zinazokadiriwa kufika ardhini, 150 ziliokotwa. Zilizosalia huenda bado zimo udongoni, chini ya migomba, na chembe za chuma zilizomo ndani yake zinashika kutu kila mvua inyeshapo.