Vidonda vya Njia ya Misafara

Mimi ni muuguzi, kazi yangu kufunga vidonda, na hapa Kigwa njia ya misafara naitazama kwa miguu ya wapagazi. Mwaka 1870 msafiri David Livingstone alikwama Bambarre, Manyema, kwa vidonda vya miguu. Baadaye, mwaka 1872, akakaa Kwihara, jirani na Tabora. Kule Bambarre alisaga malakiti, jiwe la kijani lenye shaba, kwa maji juu ya jiwe, akapaka kwa unyoya. Mimi ningemtafutia asali ya miombo, maana hunyonya majimaji na kuwabana vijidudu.

Lakini si kila kidonda ninachofunga ni cha mguu. Mgonjwa aliyepasuliwa kishimo chenye nywele juu ya mfereji wa makalio ana swali jingine: ashonwe, au kidonda kiachwe wazi? Kushona huponya upesi. Kuacha wazi huchosha, wiki hata miezi ya kubadilisha bandeji, lakini ugonjwa hurudi kwa nadra zaidi. Ukishona, shona pembeni, si katikati ya mfereji huo.