Kutoka Duarani hadi Mnara wa Chumbe

Jioni ikiingia Nyarugusu ya Geita, taa zinazotembea ni za vichwani. Kijana anatoka duarani, shimoni mwa dhahabu, na tochi yake bado inawaka. Ukisimama kumsalimia inakupiga machoni mpaka akumbuke kuizima. Huku kwetu mwanga ni wa kushuka nao. Labda ndiyo maana mnara wa taa umenikaa rohoni miaka mingi: taa iliyopandishwa juu ili mtu aione akiwa mbali, kisha apite mbali.

Minara ya kuchagua ipo. Mafia kuna wa Ras Mkumbi, waliouacha Wajerumani, wa mawe ya matumbawe. Pemba kuna ule wa chuma wa Ras Kigomasha. Mimi nimeuchagua wa Chumbe, kisiwa kidogo kilichoko kilometa kama 12 kusini mwa Mji Mkongwe wa Zanzibar, na kilichonivuta ni kabaidi, ile ya taa za wachimbaji wa zamani.

Waingereza waliujenga mwaka 1904, miaka 14 baada ya kuiweka Zanzibar chini ya ulinzi wao. Chombo kinachotoka kusini kwenda bandarini Unguja hupita karibu na Chumbe, na upande wa magharibi wa kisiwa umezungukwa na mwamba wa matumbawe. Nahodha wa usiku asiyekijua kisiwa hicho kwa macho angekijua kwa mkuku. Mwaka 1926 mnara ukafungwa mtambo mpya wa gesi, wa kampuni ya AGA ya Sweden.

Gesi hiyo ni asetilini, ileile inayofuka kabaidi ikiguswa na maji. Vijana wa leo kabaidi wanaijua kwa mafundi wa kuchomelea na kwa wanaoharakisha ndizi ziive. Lakini Geita ilipoanza kuchimbwa kwa mitambo miaka ya 1930, taa za kabaidi zilikuwa bado za kawaida katika migodi mingi. Nimewahi kuishika moja, shaba yake imeota kijani. Ina vikopo viwili: cha chini unatia kabaidi, cha juu maji. Kuna kijiti cha kupunguza na kuongeza matone. Maji yakidondoka, gesi inapanda na kutokea kwenye tundu dogo katikati ya kioo cha duara, unaiwasha, na ule mwako mweupe unamulika mwamba. Inanuka kama kitunguu saumu kilichooza.

Ajabu ni namna moto huohuo ulivyokubali kukaa peke yake kisiwani. Asetilini ukiibana ndani ya mtungi mtupu inaweza kulipuka. Gustaf Dalén, mhandisi wa AGA, aliujaza mtungi kitu chenye vitundu kama sifongo, akakilowesha kwa asetoni, gesi ikanywewa humo na kutulia. Mwaka 1907 akabuni vali ya jua. Ni kifimbo cheusi kilichozungukwa na vingine vinavyong'aa. Mchana kile cheusi hushika joto, hurefuka na kufunga gesi. Giza likiingia hupoa, hufupika, gesi ikapita na kuwashwa na kimoto kidogo kisichozimwa. Hakuna aliyegusa kitu. Mwaka 1912, akiwa katika majaribio ya mitungi, mlipuko ulimpofusha. Mwaka huohuo alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia, na nduguye ndiye aliyekwenda kuipokea. Mtu aliyewawashia mabaharia wa dunia nzima aliishi gizani hadi alipofariki mwaka 1937, na kampuni aliendelea kuiongoza hivyohivyo.

Mlinzi wa taa wa Chumbe alikuwa na nyumba yake, na karibu nayo msikiti mdogo wa mtindo wa Kihindi. Msikiti upo mpaka leo. Nyumba ndiyo inayopokea wageni, kwa sababu tangu 1994 kisiwa ni hifadhi ya bahari inayoendeshwa na watu binafsi, na waliowekwa kuulinda mwamba ni wavuvi wa zamani. Mnara nao bado unaziwakia meli. Kuupanda ni ngazi zaidi ya 130. Hilo halimtishi mtu aliyezoea kutoka duarani, ila huku kwetu anayepanda anaufuata mwanga wa jua, na kule anaupanda mnara wenyewe.

Safari ya bara haina shida ya kupangwa. Foleni ya kivuko cha Busisi, iliyokuwa ikila saa nyingi, imekwisha tangu daraja lilipofunguliwa Juni 2025. Ukishafika Mwanza, basi la Dar es Salaam lipo, na Dar kuna boti ya Unguja. Nafasi ya Chumbe iombwe mapema, maana wageni wanaopokelewa kwa siku ni wachache.

Kinachotusumbua watu wa Ziwa Victoria ni bahari yenyewe. Maji ya ghuba ya Nungwe, huku ziwani, ukiyaacha asubuhi, jioni utayakuta palepale. Kule Unguja, siku za bamvua, kati ya maji kupwa na kujaa kuna tofauti ya karibu mita nne, urefu wa nyumba. Bamvua huja mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, bahari inasogea kidogo tu. Siku za bamvua Unguja, maji hujaa mnamo saa 10, alfajiri na jioni, na kupwa mnamo saa 4 asubuhi. Anayetaka kutembea miambani na kuchungulia vidimbwi chini ya mnara afike saa hiyo. Anayetaka boti imteremshe bila kuloa mapaja achague siku nyingine.

Mimi nataka kuloa. Masika ikipita nitangoja mwezi uandame, nihesabu usiku kumi juu ya mapaa ya Nyarugusu, siku ya kumi na moja nipande gari la Geita. Siku ya kumi na tano, saa 4 asubuhi, bahari itakuwa imejitoa yenyewe.