Jamvi Lilitandikwa Kabla ya Intaneti

Washiriki wa jukwaa la mtandaoni la JamiiForums, la Tanzania, huitana wanajamvi. Anayeanzisha mjadala ni mleta mada, na mtu asiyejulikana jina wala cheo huitwa mkuu, ili heshima isimpungukie. Kwenye blogu ya mpigapicha Issa Michuzi wasomaji walikuwa wadau, mwenye blogu akaitwa Ankal, na blogu yenyewe ikapewa jina la Globu ya Jamii. Ukiacha neno uzi, yaani mjadala mmoja jukwaani, ambalo ni tafsiri kutoka Kiingereza, na globu, ambalo ni mchezo wa maneno, msamiati huu haukuja na kompyuta. Umetoka barazani. Jamvi ni mkeka mkubwa wa kukalia watu wengi, hutandikwa msibani na harusini, na anayeketi juu yake ana haki ya kusema. Naishika ishara hiyo kwa uzito wake. Historia ya blogu za Kiswahili huandikwa vibaya inapoanzia kwenye mashine. Ianzie kwa msomaji aliyezoea kujibu. Tukianzia hapo tutaona pia kwamba hazina inayotuponyoka sasa iko zaidi kwenye maoni ya wasomaji kuliko kwenye makala za wenye blogu.

Mwaka 1923 Idara ya Elimu ya serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilianza kuchapa Mambo Leo, jarida la kila mwezi. Wenye nalo walitaka kufundisha. Wasomaji wakaligeuza uwanja wao: walileta barua kutoka wilayani, wakabishana kuhusu ustaarabu na Kiswahili kilicho sahihi, na washairi wakajibizana kwa tungo toleo hata toleo. Shaaban Robert ni miongoni mwa waliotoa mashairi yao humo. Baadaye redio ikaipa desturi hiyo sauti. Kizazi baada ya kizazi, Watanzania na Wakenya walinunua kadi za salamu, wakazijaza majina ya ndugu na marafiki, wakazituma studio, kisha wakakaa karibu na redio kusubiri kutajwa. Watuma salamu walijipa majina ya utani, wakaunda vilabu, wakatembeleana na kuzikana. Watu waliokuwa hawajawahi kuonana walijuana kwa lakabu na mahali anapokaa mtu. Anayeandika leo kwa jina la kubuni kwenye jukwaa la mtandaoni anafuata njia iliyokwisha kupitiwa na wazazi wake, tofauti ikiwa kwamba zamani kati yake na hadhira alisimama mhariri au mtangazaji, aliyeamua barua ipi itoke na kadi ipi isomwe.

Mlango ulifunguliwa na Ndesanjo Macha, mwanasheria na mwandishi wa safu za magazeti, aliyeanzisha blogu yake ya Kiswahili, Jikomboe, mwaka 2004 akiwa Marekani. Ndiye anayetambuliwa kuwa mtangulizi wa wanablogu wa lugha hii. Aliita chombo hicho gazeti tando, na jina hilo linaonyesha alivyokielewa: gazeti ambalo msomaji hahitaji kuomba nafasi. Septemba 2005, kwenye mkutano wa kimataifa uliofanyika Helsinki, alikutana na Michuzi, wakati huo mpigapicha wa Daily News, akamsaidia kufungua blogu papo hapo. Ule ulikuwa wakati wa intaneti ya setilaiti, ghali na ya kusuasua. Mkongo wa baharini wa SEACOM haukufika Dar es Salaam na Mombasa hadi Julai 2009. Hata hivyo wadau waliongezeka, wengi wao Watanzania walio ughaibuni, na blogu ile ikabeba mambo ambayo gazeti halikuwa na nafasi nayo: picha za harusi, nafasi za kazi na, kubwa kuliko yote, tanzia. Mtu alipofariki mbali na kwao, tangazo lilitoka hapo na taarifa za kuchangia kuusafirisha mwili zikafuata. Chini yake pole zilipangana kutoka miji ambayo marehemu hakuwahi kuikanyaga. Anayedharau ukurasa wa namna hiyo kwa kuwa hauna uchambuzi wa siasa hajaelewa jamvi lina kazi gani. Jamvi hutandikwa kwanza kwa ajili ya msiba.

Siasa nayo ilipata jamvi lake. JamboForums ilianzishwa mwaka 2006 na Maxence Melo na Mike Mushi, na mwaka 2008 ikachukua jina la JamiiForums. Ulikuwa wakati wa mambo mazito. Ukaguzi wa akaunti ya madeni ya nje ya Benki Kuu ya Tanzania, ile iliyojulikana kwa jina la EPA, ulionyesha malipo yasiyo halali ya shilingi bilioni 133, na Januari 2008 Rais akatengua uteuzi wa gavana. Mwezi uliofuata Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu baada ya ripoti ya kamati teule ya Bunge kuhusu mkataba wa umeme wa Richmond. Sisemi jukwaa la mtandaoni lilimwangusha yeyote. Kazi hiyo ilifanywa na wakaguzi na wabunge. Lakini ndipo mahali ambapo mtumishi wa umma, mwanafunzi na mhasibu aliye ughaibuni waliweza kuusoma mkataba mmoja kwa pamoja na kuulizana kifungu kwa kifungu, na Februari hiyohiyo waanzilishi wake walikamatwa na polisi kabla ya kuachiwa.

Kuna watakaosema kwamba haya yalikuwa mazungumzo ya wachache wenye kompyuta, na kwamba kuyaita maisha ya jamii ni kuyakuza. Uchache ninaukubali. Mwaka 2005 mkulima wa Rukwa hakuwa mdau wa blogu yoyote. Ila hata Mambo Leo lilianza katika nchi ambayo wengi hawakujua kusoma, na aliyejua aliwasomea wenzake kwa sauti. Uchache wa washiriki haujawahi kuzuia maandishi kuwa kumbukumbu ya zama zake. La muhimu zaidi ni lugha. Aliyechagua Kiswahili wakati Kiingereza kingempa wasomaji wa dunia nzima alikuwa ameamua anazungumza na nani, na simu za bei nafuu zilipoenea, waliokuja nyuma yake walikuta nafasi iko tayari, adabu za mazungumzo zipo, maneno yapo.

Pingamizi la pili ni zito kuliko hilo: kwamba kuficha jina kulileta matusi, uzushi na chuki. Ni kweli, na mfano mchungu uko Kenya. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 jukwaa la Mashada, lililokuwa na washiriki wengi wa Kenya, lilijaa chuki za kikabila kiasi kwamba mwanzilishi wake, David Kobia, alilifunga Januari 2008. Lakini Kobia huyohuyo alikuwa miongoni mwa walioijenga Ushahidi, mfumo uliopokea taarifa za wananchi kuhusu ghasia zilizofuata uchaguzi huo na kuzionyesha kwenye ramani, wazo lililotokana na maandishi ya mwanablogu Ory Okolloh. Waliokuwa wamezoea kuandikiana ndio waliopata haraka namna ya kusaidiana. Jamvi huhitaji msimamizi wa kumtoa mvurugaji, na wazee wa baraza walilijua hilo siku zote. Kulikunja jamvi zima kwa sababu yake ni kuwaadhibu waliokuja na neno la maana.

Tanzania ilielekea upande wa kulikunja. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za Machi 2018 ziliitaka blogu iwe na leseni: shilingi 100,000 za maombi, 1,000,000 za leseni ya kwanza na 1,000,000 nyingine kila mwaka, na mkosaji alikabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 5, kifungo cha miezi 12, au vyote viwili. Juni mwaka huo JamiiForums ilijizima kwa muda, na wanablogu wadogo wakanyamaza. Ada hizo zilipunguzwa baadaye, lakini kosa la msingi lilikuwa kumhesabu mtu anayeandika akiwa nyumbani kwake kama kituo cha utangazaji. Hata hivyo sitaitwisha sheria mzigo wote. Facebook, Instagram na makundi ya WhatsApp yalikwisha kuwavuta watu, kwa bando dogo na urahisi wa simu, na blogu nyingi zilizokuwa na mjadala mrefu zikawa sehemu za kubandika taarifa kwa vyombo vya habari.

Basi mazungumzo yamehama tu, utasema, na watu wanaendelea kuongea. Wanaongea, naam, lakini ndani ya vyumba vilivyofungwa. Tanzia ya kundi la WhatsApp inasomwa na waliomo, kisha inafutwa simu inapojaa. Hakuna mtafiti atakayeipata, hata mjukuu wa marehemu hataipata. Na yale ya zamani, yaliyokuwa wazi, nayo yanapukutika. Februari 2019 Google iliondoa kwenye Blogger, mfumo wake wa blogu, maoni yote yaliyokuwa yameandikwa kupitia mtandao wake wa Google+, bila kuyahamishia kokote. Makala zilibaki, majibu ya wasomaji yakatoweka. Anwani ya tovuti hulipiwa kila mwaka, na mwenye nayo akifariki au akichoka, inachukuliwa na mwingine. Hata jukwaa lililostawi linategemea leseni: Septemba 2025 ile ya JamiiForums ilisimamishwa kwa siku 90.

Sheria ya maktaba ya Tanzania inamtaka mchapishaji apeleke nakala ya kitabu chake Maktaba Kuu ya Taifa, na busara yake haihitaji kutetewa. Maandishi ya mtandaoni ya Kiswahili yanastahili mpango wa namna hiyo, pamoja na maoni yaliyo chini yake, na vyuo vikuu vyenye idara za Kiswahili na historia vina watu wa kuuanzisha. Wakati tunausubiri, aliyewahi kuwa na blogu afanye jambo moja wiki hii: aingie humo kwa nywila yake ya zamani, apakue nakala nzima, maoni yakiwemo, na kuihifadhi mahali pawili. Nywila ikiwa imepotea, Internet Archive ya San Francisco hupokea anwani ya ukurasa wowote ulio wazi na kuuhifadhi bila malipo.